Pindo la Kushoto

Mkokoteni ulikuwa bado haujasimama sawasawa Renatus alipoliona pindo.

"Pokea mgeni wako, fundi!" alisema Kamanda Ngassa, mkuu wa sungusungu wa mtaa, huku akijifuta jasho kwa kofia. Vijana wake wawili waliteremsha pipa mbele ya kibanda, wakateremsha bomba la shaba lililojikunjakunja, mwishoni wakaitupa chini ile kofia ya bati inayofunika pipa wakati gongo inachemka. Kofia ilibingirika kidogo, ikalala ubavu, na mgongo wake wote ukawa wazi mbele ya mwenye kibanda.

Pindo ni pale kingo mbili za bati zinapokutana. Fundi huzikunja zikashikana, kisha huzilaza kwa nyundo ili maji yasipite. Fundi wa mkono wa kulia huzilaza upande wa kulia, tena bila kufikiri. Renatus alizaliwa na mkono wa kushoto. Walimu walimchapa, bibi yake alimfunga mkono ule kwa kamba wakati wa kula, na bado nyundo ilirudi kushoto kila alipoishika. Kwa miaka thelathini mapindo yake yote yalilala upande ambao mafundi wengine hawalazi. Hakuna aliyewahi kuliona hilo, kwa maana nani ana muda wa kuchungulia mgongo wa ndoo?

"Mtambo huu tumeufukua nyuma ya choo cha Sikuzani," Ngassa aliendelea. "Mwenyewe katoroka, wanasema yuko Ulyankulu kwa dada yake. Atajijua. Lakini aliyemtengenezea mtambo tunaye."

"Nani?"

"Festo."

"Festo yupi?"

"Wapo wangapi? Huyu mchomelea mageti. Tumemkuta na kipande cha shaba kama hiki hiki. Leo saa tisa mkutanoni anatengwa." Ngassa aliligonga pipa kwa rungu, likatoa sauti ya utupu. "Vijana walitaka kuuponda palepale, nikawakataza. Nikasema tuupeleke kwa Baba Advera, yeye ni mwanakamati na ni fundi, atauhifadhi na atawaeleza watu. Au nimekosea?"

"Hujakosea," alisema Renatus.

Walipoondoka alikaa juu ya kigoda chake akaitazama kazi ya mikono yake. Ilikuwa nzuri, hilo hata adui yake asingelikataa. Miaka mitatu juu ya moto, na lehemu haijavuja popote.

*

Kutengwa, kwa asiyejua, hakuna kiboko wala faini. Mtaa unanyamaza, basi. Hakuna anayekusalimia, hakuna anayekuuzia chumvi wala kukusagia mahindi, hakuna anayeingia kwako ukifiwa wala ukiuguliwa. Atakayekujibu neno moja, naye anatengwa. Wazee wa Kinyamwezi walikuwa nayo adhabu hii kabla ya polisi na kabla ya mahakama, na upande huu wa Itetemia ilikuwa haijatumika miaka mingi mpaka kamati ilipoifufua.

Na aliyeinoa mpaka ikakata vizuri alikuwa Renatus mwenyewe.

Miezi miwili nyuma, Advera, mwanawe wa pekee, alirudi nyumbani na kitambaa kilichofungwa kutoka kidevuni hadi utosini. Mumewe, Revocatus, alikuwa ametoka kunywa gongo kwa Sikuzani, akakuta ugali umepoa, akampiga teke la taya. Advera alikaa wiki sita akinywa uji kwa mrija. Hapo ndipo Mama Bertila, nesi mstaafu ambaye hajawahi kuona jambo akalipita, alipozunguka nyumba kwa nyumba akawakusanya katekista, shehe, mwalimu mkuu, akina mama wa jumuiya na sungusungu, akawaambia wamechoka kila mmoja kivyake na sasa wachoke pamoja. Kamati ikazaliwa. Walipita kufukua mitungi, walikaa na walevi wakawasikiliza, waliwapatanisha waliopatanishika na kuwapeleka polisi wengine.

Kwenye mkutano wa kwanza Renatus alisimama. "Anayepika tunamwona," alisema. "Na anayemtengenezea mtambo je? Yeye anakula wapi, analala vipi? Naye atengwe! Tena si yeye tu, wote walio chini ya bati lake." Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Katibu akaandika neno kwa neno.

Mtu atauliza, hivi alikuwa amesahau? Hakuwa amesahau. Ndiyo maana alipaza sauti vile. Miaka mitatu nyuma, tumbaku ilikuwa imekataa, ndoo za plastiki zimejaa madukani, na mkewe Dafrosa amelazwa na hatoki tena. Sikuzani alikuja akamwambia anataka kofia ya pipa yenye shingo, ya kuyeyushia nta. Renatus alikuwa ametengeneza vyombo vya nta tangu ujana wake na hakuna hata kimoja kilichohitaji shingo ndefu namna ile. Hakuuliza. Alipima, akakata, akakunja. Baada ya msiba wa Dafrosa alijiambia kwamba bati halidumu juu ya moto wa namna ile, litakuwa limeshatoboka na kutupwa. Alisahau kwamba yeye si fundi mbaya.

Sasa Advera alikuwa chini ya bati lake. Kila siku wanawake wawili wa jumuiya walikuja kushinda naye wakichambua mchicha na kusengenya kidogo. Jioni vijana wa Ngassa walipita mara mbili. Na akipiga yowe, ule mwano wa kwao, mtaa mzima ungetoka na marungu. Revocatus aliwahi kuja mara moja mpaka kwenye uzio, akakuta watu kumi na wawili wamesimama kimya. Hakurudi. Alituma ujumbe tu kwenye simu, na Advera alimwonyesha baba yake: *Hao watu wako watachoka.*

Basi Renatus alikaa pale kigodani, akajipigia hesabu yake ambayo haikuwa na pa kutokea. Akisema, nyumba yake inatengwa, wanawake hawaji tena, na binti akipiga mwano hakuna atakayefungua mlango. Asiposema, anayetengwa ni Festo, ambaye kosa lake ni kuwa na kipande cha shaba. Aligeuza upande huu, akageuza upande ule. Ilikuwa asubuhi bado, na shati lilikuwa limeshamgandia mgongoni.

*

Njia ya tatu ilikuwepo, na ilikuwa imelala miguuni pake. Mkutano ulikuwa saa tisa. Kuyeyusha lehemu, kukunjua pindo, kulikunja upya kuelekea kulia na kulipaka masizi, robo saa ingetosha. Alipuliza makaa. Alichomeka chuma cha kulehemu humo ndani akakisubiri kiive. Alijisikia vibaya, lakini mikono ilikuwa inafanya kazi na kazi ilimtuliza.

Chuma kilikuwa kimeanza kubadilika rangi Festo alipotokea, mbiombio, bila baiskeli yake. Alisalimia kwa haraka akachuchumaa kando ya kofia bila kuigusa.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Mzee, mimi ni mtu wa mageti na madirisha. Bati jembamba hivi nikilisogezea mashine linatoboka lote. Wewe unajua."

"Najua."

"Ile shaba niliitoa kwenye friji bovu la mwalimu. Mwenyewe yupo, aulizwe. Wameniambia nitaulizwa baadaye." Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Baadaye ya nini? Nikishatengwa nani ataniuliza, na kuniuliza ni kosa?"

Renatus aligeuza makaa yasiyohitaji kugeuzwa.

"Mimi mtu mzima, nitavumilia," alisema Festo. "Nitakwenda kununua chumvi Ng'ambo. Lakini mke wangu Marcelina ana mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alitoka kwa shida, alishikwa na Mama Bertila na wanawake wanne. Safari hii atashikwa na nani, mzee? Na mimi?" Aliielekezea kofia kidevu. "Wewe unajua mkono wa fundi ukiutazama. Waambie tu kwamba huu si mkono wangu. Si lazima useme ni wa nani. Wewe wakikusikia wataamini."

"Nitasema ninachokijua," alijibu Renatus, na alijichukia kwa jinsi lile neno lilivyotoka laini.

Festo alisimama. Macho yake yalipita kwenye chuma chekundu ndani ya makaa. "Unalehemu nini?"

"Ndoo."

Hapakuwa na ndoo pale. Kulikuwa na karai moja lililotoboka, mabanzi ya bati na ile kofia. Festo aliitikia kwa kichwa kama kijana aliyelelewa, akashukuru, akaondoka.

Renatus alikichomoa chuma, akakishika mkononi mpaka wekundu ukakiisha. Hakuweza kufanya baya mchana kweupe, na jema lilimshinda pia. Alikirudisha pembeni. Alijiona mjinga mkubwa.

Saa sita Advera alimletea uji, maana siku hizi nyumba nzima ilikuwa inakula uji, hakuna aliyekuwa na moyo wa kutafuna mbele yake. Taya lilikuwa limeunga, ila bado aliongea akiwa amefumba meno.

"Mama Bertila anasema leo yatakwisha."

"Yepi?"

"Mambo ya gongo. Wakimtenga mmoja, wengine wataogopa."

"Na wewe unasemaje?"

Advera alifikiri. "Mimi nataka kulala usingizi, baba. Basi."

Kofia ilikuwa imezuia njia. Aliinama aisogeze. Tangu ana miaka saba ndiye aliyemshikia baba yake bati likipigwa nyundo, na kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye pindo, kikalifuata kutoka juu mpaka chini. Kilifika mwisho. Aliiegemeza kofia kwenye ukuta taratibu, akajifuta masizi kwenye khanga.

"Uji unapoa," alisema.

Renatus alimtazama usoni. Uso ule, tangu kwa mumewe, ulikuwa umejifunza kutoonyesha kitu, na yeye kama baba aliumia kwamba somo hilo lilikuwa linamsaidia siku hiyo. Alikunywa uji.

*

Mkutano ulifanyika kwenye kivuli cha ukuta wa godauni la zamani la tumbaku. Wingu la mvua lilikuwa limetanda upande wa Urambo, na kila mtu aliyesimama kusema aliambiwa afupishe. Katikati waliweka pipa, bomba na kofia. Festo alisimama kando ya vitu hivyo kama mwenye navyo. Marcelina alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, mkono mmoja juu ya tumbo.

Mtendaji wa mtaa, kijana aliyehamia juzi tu kutoka Nzega, alisema serikali haitambui kutengwa, kuna polisi na kuna mahakama. Watu walimpigia makofi kwa adabu, wakaendelea.

Ngassa alieleza ya choo, ya shaba, ya Sikuzani kutoroka. Kisha Mama Bertila alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya wodini, sauti inayomfanya mgonjwa ageuke bila kuuliza kwa nini. "Hatufanyi hivi kwa chuki," alisema. "Kila mmoja hapa anajua nyumba iliyolia. Kwa wengine ni nyumba zao wenyewe. Baba Advera, wewe ni fundi, na yaliyokupata tunayajua. Tuambie. Hii ni kazi ya Festo?"

Renatus alisimama. Aliwaona wanawake wawili waliokuwa na zamu ya siku hiyo, na katikati yao Advera, ameketi kwa raha ya mtu aliyezungukwa. Hakuwa amemwona amekaa vile tangu aolewe. Alifungua mdomo.

"Siwezi kusema kwa hakika ni ya nani," alisema.

"Mmesikia?" Ngassa alidakia. "Fundi mwenzake kabisa, na hajakanusha!"

Festo alimgeukia Renatus. Hakuwa amekasirika, alikuwa ameshangaa tu, na mshangao ule ulimchoma mzee kuliko tusi. Marcelina aliinamisha kichwa. Watu walianza kunong'ona kuhusu mvua.

"Wanaokubali Festo atengwe, yeye na walio chini ya bati lake, mpaka mavuno," alisema Ngassa, "wanyooshe mikono."

Mikono ilipanda. Ilipanda polepole, kisha kwa wingi, maana mkono wa jirani ukipanda wako unaona haya kubaki chini. Renatus alihisi wake nao unapanda. Hakuuamuru. Alipoinua macho aliuona hewani, mkono wa kushoto, wenye makovu ya lehemu, umenyooka kumhukumu mtu kwa kazi uliyoifanya wenyewe. Akaushusha.

Alikwenda mpaka kwenye meza ya kamati. Chini yake palikuwa na ndoo ya bati ya Mama Bertila, imejaa maji ya kunywa ya wanakamati. Aliyamwaga. Watu waliguna. Aliibeba ndoo mpaka katikati, akaiweka ubavu karibu na kofia, mapindo mawili yakitazama juu.

"Njooni mtazame," alisema. "Ndoo hii aliitengeneza nani, Mama Bertila?"

"Wewe."

"Pindo limelala wapi?"

Mama Bertila alivaa miwani yake. Alitazama ndoo, akatazama kofia, akarudi kwenye ndoo.

"Limelala kushoto," alisema Renatus. "Nendeni makwenu mkatazame ndoo zenu na makopo ya kufukizia nyuki. Yote ni kushoto. Kisha mtafute fundi mwingine mjini humu anayelaza hivyo. Mimi simjui. Sikuzani aliniambia ni ya nta. Sikumwamini, na niliitengeneza. Festo hajaigusa hata kwa kidole."

Katekista alitazama viatu vyake. Ngassa, mtu wa maneno mengi, alilihamisha rungu kutoka mkono huu kwenda mkono ule mara mbili. Kwa mbali ngurumo ilipiga.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Mama Bertila.

"Tangu siku niliyowaambia adhabu iwe ipi."

"Baba Advera." Sauti ya wodini ilikuwa imemkatika. "Wote walio chini ya bati lake. Tuliandika. Yalikuwa maneno yako."

"Nayakumbuka. Basi Advera asiwe chini ya bati langu." Hili alikuwa hajalipanga. Lilimtoka, na lilipokwisha kutoka aliona kwamba ndiyo njia pekee iliyokuwepo, na ilikuwa imefichwa na kitu kimoja tu, kwamba hakutaka kuachana naye. "Mchukue wewe, mama. Kwako kuna chumba. Mchukue leo hii, kabla hamjanyoosha mikono, ili iandikwe kwamba hakuwa kwangu."

Hakuna aliyemuuliza Advera. Wale wanawake wawili walimwinua kwa viwiko, mmoja kila upande. Mama Bertila alitoa amri nguo zake zifuatwe. Ilifanyika haraka, kama watu wanavyohamisha godoro mvua ikikaribia.

Festo alipiga hatua moja kumwendea mzee, mkono umetangulia. Ngassa alikohoa. Festo alisimama, mkono ukabaki hapohapo katikati, kisha akaurudisha mfukoni.

"Wanaokubali," alisema Ngassa, na safari hii hakupaza sauti.

Renatus alitazama chini. Alisikia nguo zikichakarika, mikono ikipanda. Hakutaka kujua kama wa Advera ulikuwemo.

*

Polisi walichukua maelezo yake, wakachukua na mtambo, wakamwambia asisafiri mpaka aitwe. Alifurahi kuongea nao. Lilikuwa swali na jibu, swali na jibu, karibu saa nzima, na askari mmoja alimwita mzee wangu. Baada ya hapo ukimya ukaanza.

Siku za kwanza alidhani atauweza. Alikuwa mtu wa nyundo, amezoea kukaa peke yake. Lakini fundi hakai peke yake, hilo alikuwa hajalijua. Anakaa na mwenye ndoo inayovuja, na anayepita akisema jua kali leo, na watoto wanaookota mabanzi. Sasa watoto walivuka barabara mapema. Mashineni mwenye kinu alikuwa anatazama juu ya kichwa chake mpaka atoke, naye Renatus akawa anabeba mahindi yake hadi Ntalikwa na kurudi. Kanisani benchi lake lilikuwa lake lote. Wakati wa kupeana amani, watu wa benchi la mbele hawakugeuka, na yeye aliishika mikono yake mwenyewe akaitikisa kidogo ili isionekane haina kazi.

Jioni moja alisikia vigelegele upande wa kwa Festo. Alivihesabu. Vilikuwa vinne, basi mtoto ni wa kiume. Alikaa kitandani akalia, na hakujua kwa hakika kama ni furaha.

Wiki ya tano mtu alimsalimia. Renatus aligutuka mpaka mkasi ukamponyoka. Alikuwa Revocatus, amesimama mlangoni mwa kibanda, hajalewa, shati limepigwa pasi. Yeye alikaa kata nyingine, ukimya wa mtaa haukumhusu.

"Baba, nimekuja kumchukua mke wangu."

"Hayupo."

"Najua hayupo, nimeambiwa yuko kwa yule nesi. Pale hapasogeleki." Revocatus alijikaribisha kwenye kigoda cha wateja, ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekikalia kwa wiki tano. "Nimesikia yote. Poleni sana. Watu wabaya hawa, baba. Unawafanyia kazi maisha yako yote, halafu ona. Kwetu mimi hawanisalimii, kwenu wewe hawakusalimii. Sisi wawili sasa hali yetu ni moja. Wewe ni mzazi. Ukienda kumwomba, atarudi."

Aliongea vizuri. Lilikuwa jambo la kutisha, jinsi masikio ya Renatus yalivyoinywa sauti ile. Alikuwa na njaa ya sauti ya mtu, yoyote ile, na iliyokuja ilikuwa hii. Alitamani iendelee kidogo tu, hata kama ni uongo, hata kama ni yake. Na maneno yale, hali yetu ni moja, aliyageuza kichwani akitafuta mahali yalipokosea, na hakupata haraka kama alivyotaka.

Kisha aliokota mkasi. Alichukua bati, akalipima kwa macho, akaanza kukata. Hakumjibu wala hakumtazama.

"Baba?"

Renatus alikata mpaka mwisho wa mstari.

"Hata wewe?" alisema Revocatus. Alingoja. Alitukana kwa sauti ya chini, akaongeza tusi lingine kwa sauti ya juu, akaondoka. Renatus aliendelea kupiga bati ambalo halikuwa na mteja mpaka giza likaingia.

*

Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Advera alipita mbele ya kibanda kila asubuhi kwenda bombani, mara zote akiwa na wanawake wa zamu, mara zote akiwa upande wa mbali. Renatus alijifunza saa yake. Alimwona akianza kunenepa mashavuni. Siku moja alimsikia akicheka, akiwa amefungua mdomo kabisa, na aliacha kazi siku hiyo akaenda kulala mapema.

Kisha ikaja Jumamosi, asubuhi, akapita peke yake.

Hakuwa na mtu mbele wala nyuma. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona, hapakuwa na wa kumwona wala wa kumshitaki. Ndoo ilikuwa kichwani, haijajazwa. Alipofika mbele ya kibanda alipunguza mwendo. Renatus alibaki ameinua nyundo. Aliona miguu yake ikisimama kwenye mchanga, vidole vimeelekea kibandani. Aliona shingo yake. Uso hakuuona vizuri, ndoo ilikuwa imeutia kivuli.

Kama Advera angesema neno, lolote, hata la kumgombeza, baba yake angelipokea. Kama angegeuka na kutema mate, angejua. Lakini sheria ilimkataza kusema, na mtu aliyekatazwa kusema hawezi kusomwa. Labda alikuwa anaulinda mtaa uliomlinda. Labda hakuwa na neno kwa baba aliyeitengeneza kofia ile. Labda mawili hayo yote. Mavuno yalikuwa bado miezi miwili, na mpaka hapo ukimya wake ungekuwa sawasawa na ukimya wa kila mtu.

Advera alishika ndoo kwa mkono mmoja, akaiweka sawa, akaendelea na safari yake. Hakwenda kwa haraka.

Renatus aliishikilia nyundo vilevile hewani, asiipige, asije akafunika mlio wa kandambili zake, mpaka ulipofika konani, ukapinda, na bado alikuwa anausikia.